Mimi Ndiye Wengineo

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa masikio hana huruma. Kanipima, kaandika, kakohoa, kisha kasema sikio la kushoto linakwenda. Linakwenda wapi? Sikuuliza. Nikae mwezi mzima mbali na kelele, la sivyo litakufa kabisa, na la kulia litafuata. Mwezi! Mimi ni fundi mitambo wa studio, na ikibidi mpiga gitaa wa kukodiwa. Wateja wangu ni watu wa roki. Mwambie na mpishi akae mbali na moto.

Mke wangu nimemwambia ni nta tu. Akaguna, akaanza kusema sikio la kufa, akanyamaza katikati. Methali nyingine hazimaliziki mbele ya mwenye sikio lenyewe.

Siwezi kupumzika sasa. Miaka ishirini na miwili, albamu arobaini na moja, na jina langu halijachapwa kwenye jalada hata moja. Huandikwa wote, mpaka aliyeleta viti, kisha "na wengineo". Mimi ndiye wengineo. Shemeji, kaka wa mke wangu na mwenye studio, ameahidi safari hii: albamu ya bendi ya roki tunayoirekodi sasa ikitoka safi, jina langu litakuwa nyuma ya jalada. Nikisema naumwa, kiti changu atakikalia Bi Waya, fundi mwenzangu. Anakimezea mate tangu alipoajiriwa. Nimeshamwona akikijaribu.

Jumanne, 4 Machi

Hila ya kwanza: pamba. Nimeziba sikio la kushoto, nikavuta nywele zifunike. Nywele hazikutosha. Nikavaa kofia. Nimekaa upandeupande, sikio la kulia likielekea spika, kama kuku anayekagua punje. Bi Waya kauliza kama shingo inaniuma. Nimemwambia mabingwa wote hukaa hivi.

Hila ya pili ni kubwa zaidi. Msumari, mpiga gitaa wa bendi, amerekodi solo ya wimbo wa mwisho mara kumi na tisa. Mara zote kumi na tisa amejikwaa palepale. Akasema basi tuchukue ile ya kumi na nne, wakaenda kula. Nikafunga mlango, nikashika gitaa lake, nikaipiga mimi. Mara moja tu. Ee Mungu! Sijapiga hivyo tangu kabla ya kuoa. Nikafuta yake, nikaweka yangu. Kisha nikatoa pamba nijisikilize, sauti hadi mwisho. Sikio likapiga mluzi mpaka magharibi.

Hesabu yangu ni rahisi. Wataisikia, watauliza huyu ni nani, nami nitainamisha macho.

Jumatano, 5 Machi

Wameisikia. Hakuna aliyeuliza! Mwimbaji kamkumbatia Msumari. Mpiga dramu kampiga mgongoni. Msumari mwenyewe machozi yanamtoka. Nikakohoa mara tatu, kwa maana. Bi Waya akaniletea maji.

Sasa nitasemaje? Nikidai ni yangu, nimekiri kwamba nimefuta kazi ya mteja. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeingia na koleo langu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kuchanganya sauti. Asubuhi mpiga dramu kasema wimbo umelalia kushoto, kila kitu kimerundikana huko. Nikamwambia ndio mtindo wa sasa. Moyoni nilijua. Nilikuwa naongeza kushoto ili nami nisikie. Nikaogopa kweli.

Nikarudi kwenye swichi ya kuzungusha, ya sauti ya upande wa kushoto, napunguza, naongeza, napunguza. Alasiri wimbo ukanyooka! Wote nyuma yangu wakasema safi sana. Nimerudi nyumbani kwa miguu, naimba.

Ijumaa, 7 Machi

Kalamu ilianguka. Nikainama chini ya mitambo kuiokota, nikaona waya wa swichi ile umechomolewa, umekunjwa vizuri, umefungwa kwa utepe.

Ujanja huo naujua. Niliuanzisha mwenyewe mwaka wangu wa kwanza: mpiga gitaa akisumbua kwamba hasikiki, unampa swichi isiyounganishwa na kitu. Anazungusha, anasema hapo sasa, anatulia. Jana nilisema hapo sasa. Nilisema mara mbili.

Nikaenda kuuliza, wakanieleza: wimbo ulinyooshwa na Bi Waya, katika chumba cha pili. Alitumwa na shemeji. Shemeji kaambiwa na mke wangu, aliyeikuta barua ya daktari mfukoni akifua suruali. Wamejua tangu Jumanne. Nimevaa kofia bure.

Shemeji hakunigombeza. Heri angenigombeza. Kasema nikapumzike mwezi wote, kiti kitanisubiri, na jina langu litachapwa vilevile, kwa kazi ya kurekodi. Bi Waya akaja upande wangu wa kulia, akaniambia taratibu kwamba kazi hii aliisomea kwenye albamu zangu. Nililia. Nikasingizia pamba.

Jumapili, 9 Machi

Mapumziko. Asubuhi nimemwapia mke wangu: sishiki gitaa, sikaribii spika, mwezi mzima. Akacheka, akanishika mkono. Ni muda mrefu sijamwona akicheka.

Mchana yeye yuko nyuma anaanika nguo, Msumari akaja, akasimama mlangoni anatazama viatu vyake. Kasema alijua tangu mlio wa kwanza kwamba si yeye anayepiga. Yale machozi yalikuwa ya aibu. Keshokutwa bendi inaanza maonyesho, miji kumi na miwili, na solo ile haiwezi. Ameniomba nisimame nyuma ya pazia, pembeni ya spika kubwa, nipige mimi, yeye achezeshe vidole. Na jina langu, tafadhali, lisitajwe popote.

Nimekubali kabla hajamaliza. Nimeipima vizuri. Pazia ni jepesi. Mji wa tatu au wa nne lazima mtu aone kivuli, aulize huyu ni nani. Spika itakuwa kushoto kwangu, na la kushoto si limeshakwenda? Nyumbani nitasema nakwenda kupumzika kwa mjomba.

Nilikuwa nakunja mashati mke wangu alipoingia, akasema neno kushoto kwangu. Sikusikia. Nikaitikia ndiyo, mama, kama kawaida yangu. Akazunguka kitanda, akakaa kulia kwangu, akarudia polepole. Alikuwa ameniuliza kama ninamdanganya.

Nikamwambia hapana, hata kidogo. Ametoka bila kusema kitu. Au amesema. Nimefunga begi.