Modemu ya Siku ya Kimya

Ijumaa, 17 Machi
Nimeangukiwa na jumba bovu. Kiboya cha kisimani kinachozima pampu ya kilima cha Bukit Pangi kimekufa. Pampu ikizunguka wakati maji ya kisima yameshuka, mota inaungua, na vijiji vitatu vinabaki na ndoo tupu. Kwa hiyo Pak Gunarsa, bosi wetu wa maji, ametaka mtu mmoja ashinde huko juu siku ya Nyepi, sikukuu yetu ya kimya ambayo hakuna anayeruhusiwa kutoka nje, aizime kwa mkono. Tukapiga kura. Mimi! Siku nzima bila moto, bila taa, bila kuongea, mimi na nyani tu. Murni, mke wangu, ana mimba ya miezi minane.

Nikamwambia bosi hakuna haja. Nitafunga modemu yenye laini ya simu, niione pampu na kuizima nikiwa kwangu, miguu juu ya kiti. Akakubali, ila mota ikiungua nijitafutie kazi nyingine. Namshukuru sana. Mabosi wengine hawasikilizi.

Jumamosi, 18 Machi
Modemu imekaa! Antena iko juu ya mwanzi wa mita nne. Sriasih, fundi mwenzangu anayejiona ndiye aliyevumbua waya, alikuja kunishikia ngazi. Akauliza kwa nini nisiache na njia ya meseji: mtu anatuma neno moja, pampu inazima. Nikamwambia hayo ni mambo ya babu yake. Akasema haya, fundi mkuu, ila shuka polepole, mwanzi haujui vyeo.

Nikamwachia amalizie kukaza skrubu, nikaenda kunywa kahawa. Dada mwema. Tatizo lake ni kukosa usasa tu.

Jumatatu, 20 Machi
Majaribio. Nimewasha na kuzima pampu mara kumi na moja nikiwa kitandani. Raha isiyo kifani. Bosi akapiga simu kuuliza kwa nini maji ya bombani kwake yana kwikwi. Nikamwambia hiyo ndiyo teknolojia.

Jumanne, 21 Machi
Kesho Nyepi. Pampu nimeiacha inazunguka, tenki lijae. Barabarani vijana wanapitisha masanamu ya mashetani, ngoma mpaka meno yanatikisika. Nimemkumbusha Murni apakue filamu zake mapema, kwani kesho intaneti ya simu inazimwa kisiwa kizima, kama kila mwaka. Alikuwa amesahau kabisa. Sijui nyumba hii ingekuwaje bila mimi.

Jumatano, 22 Machi
Saa mbili asubuhi. Nimefungua simu niione pampu. Hakuna kitu. Nimeizima simu, nimeiwasha. Hakuna. Murni akaninong'oneza: hiyo modemu yako inapata intaneti mbinguni, au kwenye mnara uleule wa simu zetu?

Nimekaa chini.

Saa nne. Nimechungulia getini nitoroke. Wirata, mlinzi wa kijiji, akaninyooshea kidole: ndani. Nikamweleza kwa mikono tu: kitu kinazunguka, kinaungua, tumekwisha. Akadhani Murni ameshikwa na uchungu. Akaondoka mbio, akarudi na wanaume wanne na machela. Ikabidi Murni atoke mwenyewe kuwaonyesha tumbo bado liko palepale. Aibu! Nami kazi sina tena, na mtoto yuko njiani.

Saa sita. Meseji ya Sriasih! Kumbe meseji hazizimwi. Anasema Jumamosi, nilipokwenda kunywa kahawa, hakukaza skrubu tu: aliiwekea modemu njia yake ya meseji. Leo saa tano ikamwarifu kisima kimeshuka. Akaizima. Mota ni nzima, tenki limejaa. Nimsalimie Murni, na nisipige kelele za furaha, ni Nyepi.

Nimelia kimyakimya, na sioni haya kuandika.

Alhamisi, 23 Machi
Asubuhi nimempelekea Sriasih keki za wali na kuku mzima. Nikamwomba msamaha, na babu yake pia. Kisha nikamweleza bosi ukweli wote. Akasema angalau shukrani naijua, na kazi nimebaki nayo. Mtoto akiwa wa kike, Murni anataka aitwe Sriasih, nami sina pingamizi.

Mchana nikapanda Bukit Pangi kumlipa fadhila. Ile njia yake ya meseji nimeifuta, asisumbuliwe tena siku takatifu, dada wa watu. Badala yake nimeweka laini mbili za intaneti ya simu, za kampuni mbili tofauti. Nyepi ijayo wakizima moja, ipo ya pili.