Sodiamu Yangu Hasi

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mkuu wa Shule aliagiza tubadilishane karatasi za majaribio, kila mwalimu asahihishe za mwenzake. Za Kidato cha Pili, darasa langu la kemia, zikamwangukia Madamu Azza. Mtoto wa mjini Tanga, ana mwaka mmoja tu kazini.

Leo kaja mezani kwangu na furushi. Akasema kwa adabu zote kwamba wanafunzi sitini na wanne wameandika ioni ya sodiamu ina chaji hasi na ya klorini chanya. Wote. Akauliza jibu hilo huenda wamelitoa wapi. Nikajibu watoto wa siku hizi wanaibiana majibu. Akaniangalia, akaondoka.

Nyumbani nikafungua daftari langu la maandalizi. Kosa limo. Mwandiko wangu. Siku ile ya Machi kaka alikuwa amepiga simu kutoka kwetu Amani, kule mlimani, mguu wa mama umevimba. Nikaingia darasani akili iko mlimani. Sodiamu imepoteza elektroni moja. Mkono ukasikia "imepoteza", ukaandika alama ya kutoa. Ilhali najua kama ninavyojua jina langu Zabron: elektroni ndiyo yenye hasi. Ikiondoka, zinabaki kumi dhidi ya protoni kumi na moja. Chanya.

Miaka kumi na saba ya chaki. Hakuna haja mtu ajue.

Jumanne, 15 Julai

Mpango. Nimekusanya madaftari yote kwa kisingizio cha ukaguzi wa usafi. Alama ya kutoa inageuka ya kujumlisha kwa mstari mmoja wa kalamu. Hadi saa nne sodiamu sitini na tatu zilikuwa zimepona, bado moja. Nikajipongeza.

Kisha klorini. Alama ya kujumlisha haikubali kugeuzwa ya kutoa. Nimejaribu kukwangua kwa wembe. Daftari la Uweso limetoboka hadi ukurasa wa pili. Nikaenda kwa Leticia, katibu muhtasi wetu, kuomba wino mweupe wa kufutia. Akauliza wa nini. Nikasema barua. Akasema barua ndefu hiyo.

Chupa imeisha kwenye daftari la kumi na tisa.

Jumatano, 16 Julai

Lile moja lililobaki ni la Mwanasiti, binti wa mzee anayevuna chumvi huku Moa. Ukurasa wa ioni: aliandika sodiamu chanya. Sahihi. Juu yake mstari wa kalamu nyekundu. Yangu. Chini ameandika upya, hasi, na pembeni kwa penseli: "Mwalimu amesema."

Hapo nikakumbuka. Alisimama siku ile, akasema kitu kikitoa hasi yake kinapaswa kubaki na chanya zaidi. Nilimwambia kama anajua kuliko mimi achukue chaki, mimi nikakae kwenye dawati lake. Darasa likacheka. Akaketi.

Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho alipoinua mkono baada ya Machi. Sikumbuki. Na juzi kwenye jaribio kaandika hasi, akijua si kweli.

Daftari lake sikuligusa. Chai ilipoa.

Alhamisi, 17 Julai

Nimerudisha madaftari. Mpango mpya: nitasema lilikuwa kosa la makusudi, nilitaka kuona nani ana ujasiri. Mzuri sana.

Madamu Azza kanikuta varandani. Kasema Uweso anamuuliza kwa nini klorini yake ina tundu. Akashusha sauti: "Mwalimu, kwako hili ni la dakika tano ubaoni. Wakiingia nalo kwenye mtihani Novemba, litakuwa lao."

Nikamwambia nilikuwa nafundisha yeye akiwa chekechea. Akasema ni kweli, shikamoo. Akaenda zake.

Nikaitikia marahaba akiwa ameshanipa mgongo.

Ijumaa, 18 Julai

Kipindi cha pili. Nimeingia na maneno yangu ya makusudi na ujasiri. Nikafungua mdomo. Mwanasiti alikuwa ameinamia daftari, kalamu tayari, anangoja kunakili chochote nitakachosema. Chochote. Nikageukia ubao.

Nikachora sodiamu. Nikafuta elektroni moja ya nje, nikamwita aje ahesabu zilizobaki. Akahesabu kwa kidole, taratibu. Kumi. Protoni kumi na moja.

"Chanya, mwalimu," akasema. "Kama nilivyosema siku ile."

Hakuna aliyecheka. Nikasema mimi ndiye niliyekosea, yeye alikuwa sahihi, na nilimkalisha kwa sababu ya kuwa sahihi. Nikamwomba radhi mbele ya wote.

Akasema haya, mwalimu. Akafikiri kidogo, kisha akauliza: kama moja ni chanya na nyingine hasi, ndiyo maana chumvi ya baba inagandamana? Nikasema ndiyo, zinavutana, kila moja imezungukwa na zenye chaji iliyo kinyume nayo. Mikono saba ikainuka. Kengele ikalia, hawakutoka.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, polepole. Sijui lini mara ya mwisho nilihisi hivi.

Jumatatu, 21 Julai

Habari zimemfikia Mkuu wa Shule, Mwalimu Mwinyijuma. Kwenye kikao kanisifu mbele ya wote. Kasema unyenyekevu wa namna hiyo ndio anaoutafuta kwa nafasi ya mwalimu wa taaluma, iliyo wazi tangu Mwalimu Robert ahamishwe.

Nimetafakari mchana kutwa. Kukiri mara moja watu husahau. Inabidi iwe kila mwezi.

Agosti: methani. Nitachora kaboni imeungana na hidrojeni tatu badala ya nne. Kosa dogo, halidhuru, linasahihishwa kabla ya kengele. Nitaomba radhi vizuri zaidi, nimeshaandika maneno. Ila lazima mtu ainue mkono, na Mkuu awe anapita dirishani.

Nikamdokezea Mwanasiti mpango huo. Kanisikiliza hadi mwisho, kisha kakataa. Kasema kaboni hushikana na nne, na nikichora tatu atasema hapo hapo, hatangoja Mkuu apite.

Basi nitamtumia mwenzake darasani, Rahimu. Ni mtiifu. Tatizo, Rahimu hatajua kwamba moja imepungua. Kesho namwita pembeni nimfundishe methani sawasawa, ili niweze kumkosea.