Koti la Ngozi Kwenye Posa ya Kelone

Jumatatu, 5 Agosti
Kelone anaposwa! Binti yangu wa pekee. Wakwe watafika Jumamosi alfajiri kuomba kibuyu cha kuchotea maji, ndivyo wazee wanavyomwomba msichana. Nimelia kidogo nyuma ya tangi. Mke wangu akasema Rra, kama tunavyowaita akina baba hapa Botswana, punguza, ng'ombe wa jirani wanashtuka. Ni kweli nina sauti. Nusu ya maisha yangu naimba hevi metali, ule muziki wa magitaa na kunguruma, na bendi yetu, Mifupa Mikavu. Jina limetoka kwa nabii, si kwa shetani. Mchungaji nimeshamweleza mara nyingi.

Jioni Kelone akanifuata jikoni, akanishika mkono. Akasema baba, nina ombi moja. Siku hiyo moja tu, uwe kama akina baba wengine. Usiimbe, usingurume, usivae minyororo. Upande wa pili ni watu watulivu, na mwenye kauli ni babu yao, Mzee Modukanele. Akiinuka akavaa kofia, basi, hakuna ndoa. Nikamwambia mwanangu, hata kupumua nitaomba ruhusa. Akacheka. Macho yake hayakucheka.

Kama akina baba wengine. Neno dogo. Limenikaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Jumanne, 6 Agosti
Tatizo. Koti! Mwanamume haingii kwenye posa bila koti, hata awe nani. Langu la kitambaa tulimzika nalo mpiga ngoma wetu, marehemu Rra Sebina, maana hakuwa nalo. Sijutii. Lililobaki ni la jukwaani, la ngozi, lenye miiba ya chuma kuanzia kola hadi mkanda.

Nimekwenda kuazima kwa shemeji Shathani, kaka wa mke wangu. Mjomba ndiye msemaji wa binti, baba hukaa kimya. Shathani anaipenda desturi hiyo kupita kiasi. Nimemkuta akiwahutubia kuku. Akanipa koti alilooa nalo, akanitazama katikati, akauliza, Shemeji, na hilo tumbo nalo limealikwa?

Jumatano, 7 Agosti
Koti la Shathani limepasuka mgongoni. Kanisani! Mchungaji alisema tuinue mikono, nikainua kwa imani yote. Bwana aliona. Mke wa mchungaji naye aliona, akakohoa.

Shathani akasema alinipa nilivae, si nilipasue kama pazia la hekalu.

Alhamisi, 8 Agosti
Wazo limenijia nikisali, kwa hiyo si langu. Ng'oa miiba yote! Paka kiwi nyeusi. Litabaki koti la ngozi la kawaida, la heshima, kama la mwalimu mkuu.

Nimekaa uani na koleo kutwa nzima. Kumbe kila mwiba una siku yake. Huu wa Maun, umeme ulipokatika tukaimba gizani na watu wakaimba nasi. Huu wa Francistown, tulipolala kituo cha basi. Mmoja umekaa upande. Huo aliutia Kelone akiwa na miaka sita, akauma ulimi kwa bidii. Niliuacha wa mwisho. Nao nikaung'oa.

Mke wangu alisimama mlangoni. Akaniletea chai yenye sukari nyingi. Huwa ananinyima sukari.

Ijumaa, 9 Agosti
Matundu nimeyaziba kwa kiwi. Linang'aa! Nimetangaza kwamba naumwa koo, nisije nikajisahau. Shathani amelikagua koti pande zote. Akasema ukikaa mbali na bila kusogea, shemeji, unafanana na mtu.

Jumamosi, 10 Agosti
Wamefika kabla ya jua, baridi kali. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka na mashali yao, moto katikati. Kelone kafichwa chumbani na shangazi zake. Shathani akaanza. Akapita kwenye mito, akapita kwa mababu, akamsifu ng'ombe mmoja mmoja. Mimi karibu na moto, kimya, nikijipongeza.

Kiwi ikayeyuka.

Ikatiririka hadi kwenye viatu. Matundu yote wazi! Mzee Modukanele akainyoosha fimbo, akauliza kwa sauti kuu ni nani aliyempiga baba wa binti risasi zote hizi. Minong'ono. Mama mmoja akasema jamani, mtu wa risasi nyingi hivyo hakuwa akienda sokoni. Mwingine akasema na sauti hana, bila shaka moja ilipitia kooni. Shathani akasema ni nondo. Nondo gani, wakamwuliza, anayetoboa ngozi ya ng'ombe kwa mistari?

Mzee akaanza kuvaa kofia. Ee Bwana! Mdomo ulinicheza. Lakini nilikuwa nimeahidi.

Ndipo mlango ukafunguka. Kelone, ambaye hakupaswa kuonekana! Shangazi mmoja alimdaka shali, akabaki na shali. Kelone akapiga magoti mbele ya mzee. Akasema babu, huyu si jambazi, ni mwimbaji. Kang'oa miiba ya chuma ya koti lake la jukwaani kwa ajili yangu, kwa sababu nilimwonea haya. Haya ni yangu, si yake. Akanigeukia. Akasema baba, imba.

Mzee akaweka kiganja sikioni, akauliza msichana anasema nini. Kumbe hasikii! Hotuba ya Shathani yote, mito na mababu, hakupata hata tone.

Nikaimba. Ule wimbo wetu wa shukrani, unaotoka chini ya kitovu. Kuku wakahama. Mzee akakishusha kiganja polepole, macho yakamjaa maji. Akapiga kelele, akasema hatimaye kuna mtu anayezungumza vizuri, ninyi wengine mnaninong'oneza tangu mke wangu afe! Akataka tena. Ubeti wa pili nikamwona Kelone, bado amepiga magoti, anatikisa kichwa. Kwa mpigo sahihi kabisa. Mbele ya wakwe. Hakuacha.

Mzee akaiweka kofia chini. Akasema binti ni wetu, na baba yake pia.

Shathani hasemi na mtu.

Jumapili, 11 Agosti
Nimeshukuru kanisani, mikono chini. Funzo nimelipata: hila hazina faida, mtu asijifiche wala asifiche kitu. Kelone kaniambia siku ya harusi nitaimba wimbo mmoja, kisha kwaya iendelee. Mmoja. Nikasema sawa, mwanangu, nikambusu paji la uso.

Wapiga magitaa wangu watatu watavaa majoho ya kwaya. Spika kubwa zitakaa chini ya meza ya keki, kitambaa kifike ardhini. Mchungaji asijue, Kelone asijue. Nimemshirikisha Mzee Modukanele peke yake, uani kwake, kwa siri kabisa. Ilibidi nirudie mara tatu, na mara ya tatu nilinguruma. Lakini kijiji kilikuwa kimetulia, sidhani kama kuna aliyesikia.