Nilivyozima Umeme Kuokoa Transista ya Ndani ya Kompyuta

Leo nimeumbuka. Na kwa kuwa walioona ni wengi, naanza na majina yao, msije mkasikia kwa mwingine akaongeza chumvi.

Alikuwepo mjukuu wangu Tatu, mtoto wa mwanangu Juma, anayesomea ufundi wa umeme chuoni. Alikuwepo mwenzake Ngolo, binti wa mtaa wa Ipuli, ambaye marehemu bibi yake Nyanzobe nilisoma naye kisomo cha watu wazima, benchi moja. Chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, alikuwepo Shabani kinyozi, mpangaji wangu. Na juu ya kiti cha Shabani alikuwepo mkwe wangu Maganga, mume wa binti yangu Zuhura, ananyolewa kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Huyu wa mwisho ndiye ambaye ningeomba asiwepo.

Mimi nilikuwa uwani, nachambua mchele. Wasichana walikuwa wameweka kompyuta yao moja juu ya meza yangu ya kukatia mboga. (Niliifuta kwanza. Uchafu wangu haujafika huko.)

Wanatengeneza kengele ya mashine ya kutotolea vifaranga, ili joto likipungua ilie, mwenye kuku aamke. Sasa siku hizi, kabla hujagusa kipuri, unachora kwanza kila kitu kwenye kompyuta: wapi umeme unapita, wapi kipuri kinakaa. Kisha unaijaribu humo humo kama itafanya kazi. Ndipo unapeleka mchoro, wanakutengenezea ule ubao mdogo wa kijani wenye njia za shaba. Programu za kazi hiyo ziko nyingi. Mwalimu wao alisema kila kundi lichague moja, na jina la programu pamoja na mchoro vimfikie leo kabla ya sala. Kundi litakalochelewa haliendi kwenye maonyesho.

Basi wakachora kengele ile ile mara mbili, Ngolo kwa programu yake, Tatu kwa yake, ili walinganishe. Wakaanza kubishana.

Ya Ngolo ilikuwa na rangi. Taa inawaka kama taa, spika inalia kama spika. Ya Tatu ilikuwa mistari mitupu na namba.

"Hii yako imenuna," Ngolo akasema.

"Na yako inachekacheka. Mtu mzima unachagua programu kama unachagua kitenge?"

"Muulize bibi. Bibi, umeishi na fundi maisha yako yote. Wewe ungechukua ipi?"

Nikaweka ungo chini. Nikajibu kwa uzito, kama mtu anayejua:

"Ile isiyounguza vitu."

Wakanitazama kwa heshima. (Heshima hiyo haikumaliza nusu saa.)

Hapa niwaeleze kidogo, maana bila haya mtaniona nina wazimu.

Marehemu mume wangu, Ramadhani, alikuwa fundi wa redio hapa hapa mtaani Ng'ambo, tangu tulipopata uhuru hadi miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Yeye hakuwa na kompyuta. Alikuwa na ubao wa mninga na misumari. Kabla hajachomelea kitu, alizungushia nyaya kwenye misumari, akawasha, akatazama. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye swichi. Sheria ya karakana ilikuwa moja: ukisikia mtu amesema "inaungua", unazima. Huulizi nini, huulizi wapi. Unazima, halafu ndiyo unauliza.

Mnajua miaka ile vipuri vilikuwaje. Sukari yenyewe tulipanga foleni, seuze transista, kile kipuri kidogo cha ndani ya redio. Akaja mzee mmoja kutoka upande wa Lusu, Masanja, na redio ya kijiji kizima ameifunga nyuma ya baiskeli. Kijiji kilikuwa na redio hiyo moja. Jioni wote walikaa mbele yake, wasikie taarifa ya habari. Ramadhani alikuwa amebakiwa na transista moja ya kuifaa. Akaiweka kwenye misumari, akaniambia washa. Nikawasha. Wakati huo huo akapita Mama Khadija, akanisalimia kutoka barabarani, nami nikageuka kuitikia. Ramadhani akasema "inaungua" mara moja. Mimi nilikuwa bado namuuliza Mama Khadija hali ya watoto.

Ikaungua.

Mzee Masanja hakugomba. Aliichukua redio yake, akaifunga tena kwenye baiskeli, kamba akaikaza polepole, fundo juu ya fundo, kama vile bado ni kitu kizima kisichotakiwa kudondoka. Akasema, "Haya, mama," akaondoka. Kijiji kikakaa kimya masika yote. Ramadhani akazing'oa nyaya kwenye misumari, moja moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Turudi leo.

Ngolo akataka kumwonyesha Tatu uzuri wa programu yake. Akauongeza umeme mle ndani ya mchoro, makusudi, apate kuona itafanya nini. Mimi sikuwa natazama. Nikasikia "paa!" Nikainua macho: kuna mwali wa moto kwenye kioo cha kompyuta, mwekundu, na moshi unapanda. Ngolo akapiga kelele, kwa furaha, lakini nitajuaje mimi kama ni furaha?

"Inaungua! Tatu, tazama, inaungua!"

Ndugu zangu, ungo ulikwenda kule, mchele ukaenda huku. Nina magoti mabovu, Zuhura anajua, kila siku ananisugua mafuta. Leo sikuyasikia. Nilipanda kigoda chini ya swichi kubwa ya nyumba nzima, hapo hapo uwani, nikaishusha kwa mikono miwili, nikapaza sauti:

"Tokeni! Moto!"

Kompyuta ikafa pale pale. (Betri yake ni nzima kwa sura tu. Bila waya haiishi.) Redio ya Shabani ikanyamaza.

Kisha mlango wa ukumbini ukafunguka kwa kishindo.

Wengine hamjui mila zetu Wanyamwezi. Mama mkwe na mkwe hawatazamani hovyo. Maganga amemuoa binti yangu miaka kumi na minne, na salamu zetu zote tumepeana yeye akiwa upande ule wa ukuta. Leo amekuja mbio kuniokoa. Shuka ya kinyozi shingoni. Kichwa upande wa kulia kimenyolewa mpaka kinang'aa, upande wa kushoto nywele zote zipo. Na mashine ya kunyolea, umeme ulipokatika, iling'ang'ania nywele hapo katikati, kwa hiyo Shabani alikuwa anakimbia nyuma yake ameishika, na waya unaburuzika sakafuni.

"Mayu! Mama, shuka! Moto uko wapi?"

Nami niko juu ya kigoda, kichwa wazi, kanga yangu imebaki kwenye msumari.

Tukatazamana. Miaka kumi na minne, tukatazamana.

"Moto uko wapi, bibi?" Shabani naye akauliza.

Nikanyoosha kidole kwenye kompyuta iliyozimika.

Tatu akasema, taratibu, kama anamweleza mgonjwa: "Bibi, ile ni picha. Inaungua humo ndani tu. Tangu asubuhi Ngolo ameunguza transista kumi na moja."

Kumi na moja! Na hakuna kijiji kilicholala bila redio.

Maganga akageuza uso ukutani, adabu ikamrudia. Akarudi kinyumenyume, Shabani naye kinyumenyume, kama watu waliobeba kabati.

Nikawasha swichi. Hapo ndipo kicheko cha wasichana kilipokata. Mchoro wa Ngolo haukuwepo. Programu yake haihifadhi mpaka uiambie, naye hakuiambia. Kazi ya asubuhi nzima. Binti akakaa chini kwenye mchele wangu, machozi yanamlenga, na adhana imekaribia. Nikajiona niko kwenye swichi ile ya zamani, nimekosea tena, safari hii kwa haraka.

Tatu akafungua ile iliyonuna. Mchoro ulikuwepo. Programu ilikuwa inajiwekea nakala yenyewe, bila kuambiwa. Kengele nzima, njia zote, hakijapungua kitu.

Ngolo akafuta pua. "Haya. Tuma ya kwako."

Wakaituma. Mwalimu akajibu hapo hapo, akauliza sababu ya kuchagua. Tatu akaandika: tumezijaribu zote mbili kwa kukata umeme ghafla. Mwalimu akasema hilo ni jaribio zuri, makundi mengine hayakulifikiria, nani alilibuni?

Tatu akaandika: Bibi.

Msinicheke. Mchele nimeuchambua upya, safari hii ukiwa na mchanga. Na majina nimeyaweka kama niyakumbukavyo. Kama nimekosea jina au ukoo, nisahihisheni. Hata huo upande wa kichwa ulionyolewa, nimesema wa kulia, lakini niliutazama kwa muda mfupi. Aliyeuona vizuri anirekebishe, ila aniandikie pembeni, maana Shabani ananiambia sasa hivi kuwa mkwe naye yumo humu kwenye kundi letu la simu.