Ushuru wa Miavuli Mjini Freetown

Jumatatu, 7 Julai 1873

Mvua tangu alfajiri. Bwana Pargeter, Mweka Hazina wa koloni, katuita makarani wote ofisini kwake. Uso kama maziwa yaliyochacha. Mafuriko yamebomoa madaraja mawili, Hazina imekauka, na Gavana hataki kusikia neno "mkopo". Karani mmoja lazima aachishwe kazi kabla mwezi haujaisha.

Nikamtazama Sylvanus Pratt wa forodha. Kumbe naye ananitazama mimi!

Pratt ni hodari wa hesabu, basi. Akili nyingine hana. Tena anaimba besi katika kwaya moja na Adelina Wray, binti nimpendaye. Sauti ya fahali aliyekwama matopeni. Adelina anadai eti inamtuliza moyo.

Bwana Pargeter kasema atakayebuni njia mpya ya mapato hataguswa. Nikaenda dirishani kufikiri. Chini, barabara nzima: miavuli! Myeusi, ya kijani, iliyotoboka, iliyotiwa viraka. Mji mzima umejificha chini ya miavuli, na hakuna hata mmoja unaolipiwa peni.

Mungu wangu. Nimetajirika. Yaani, koloni limetajirika.

Jumanne, 8 Julai

Nimewasilisha mpango. Kila mwavuli, shilingi moja kwa mwaka. Mwenye kulipa anapewa kibati cha shaba cha kufunga mpinini. Asiyelipa, mwavuli unakamatwa. Nikamweleza Bwana Pargeter kwamba mtu anaweza kuacha pombe, anaweza kuacha tumbaku, lakini hawezi kuiacha mvua ya Freetown. Mbinguni kwenyewe wanatufanyia kazi, na hawadai mshahara!

Pratt akakohoa. Kasema miavuli yote inatoka Liverpool, na kila mmoja unalipiwa ushuru bandarini. Tukiwaudhi wanunuzi, wafanyabiashara hawatatoa mzigo ghalani, na forodha itapoteza zaidi ya tutakachopata. Nikamwambia wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Ofisi nzima ikacheka. Bwana Pargeter naye alitabasamu, au meno yalikuwa yakimuuma.

Ijumaa, 11 Julai

Baraza limepitisha! Wajumbe wawili walikuwa wamesinzia, nao wamehesabiwa kuwa wamekubali. Mimi ndiye Msimamizi wa Ushuru wa Miavuli. Nimeagiza kwa mfua shaba vibati elfu tatu vyenye taji la Malkia. Bei yake imenishtua kidogo. Lakini ukitaka cha uvunguni sharti uiname.

Jioni nikampasha habari Shangazi Keziah, ambaye nakaa kwake na ambaye anauza nguo sokoni. Nilitarajia pongezi. Aliniwekea fufu, ule ugali wa muhogo, kavu mezani.

Nikauliza mchuzi uko wapi.

"Mchuzi haujapata kibati," akasema.

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya kwanza. Ushindi! Pauni mbili kabla ya saa nne asubuhi!

Baadaye Pratt akaja kuangalia mapato, bila kualikwa. Akagundua kuwa fedha yote imetoka kwa watoza ushuru wangu arobaini. Serikali iliwanunulia miavuli ili wasiloe kazini, kisha serikali ikailipia ushuru. Akauliza, kwa upole wa nyoka, kama huko si kutoa mfuko wa kulia na kutia wa kushoto. Nikamjibu kuwa fedha inayotembea ni fedha yenye afya.

Mchana walilipa watu saba zaidi. Mmoja alikuwa mgeni aliyeshuka melini, alidhani ni kiingilio cha mji.

Jumatano, 16 Julai

Mji umeingiwa na wazimu. Miavuli imetoweka! Fundi mmoja amepita amejifunika mlango. Mlango mzima, na kitasa chake! Mchungaji amekuja kwenye mazishi chini ya zulia la kanisa.

Nikateremka sokoni mwenyewe. Nikawakuta wanawake wote wa soko wamejitwika meza, miguu ya meza juu, wanauza samaki na nguo kama kawaida. Mbele yao, Shangazi Keziah. Nikamwambia kwa sauti ya kiserikali kwamba yuko chini ya kifaa cha kuzuia mvua.

"Soma sheria yako, Erasmus Decker," akasema. "Imeandikwa mwavuli. Huu ni mwavuli?"

"Hapana, Shangazi, lakini..."

"Ni nini?"

"Ni meza."

"Haya. Na hiyo uliyoishika wewe ni nini?"

Nilikuwa nimeshika mwavuli wangu. Bila kibati! Katika pilikapilika za kusimamia wengine nilisahau kujilipia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtoza ushuru wangu mwenyewe, kijana mwaminifu kupita kiasi, akaukamata palepale. Nimerudi ofisini nikidondosha maji kama mtungi uliopasuka. Mwavuli ulikuwa wa marehemu baba. Hilo limeniuma, siwezi kukana.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani. Mvua ya mawe, au nusu yake. Nilikuwa nimepanga kumsindikiza Adelina baada ya ibada chini ya mwavuli mpya wenye kibati namba moja. Namba moja! Nilikuwa nimeking'arisha kwa majivu.

Nimechelewa. Pratt alikuwa amekuja na turubai la meli. Turubai haliwezi kushikwa na mtu mmoja. Lazima wawe wawili, tena wakaribiane sana. Wakapita mbele yangu, yeye akinguruma zaburi, Adelina akicheka. Nikamnyooshea mwavuli wangu, nikamwonyesha kibati.

"Kaka Decker," akasema, "mimi sitasimama chini ya kitu kilichomtoa machozi mama yangu."

Sikujua kuwa mwavuli wa mama yake ulikuwa miongoni mwa iliyokamatwa. Nimekwenda ghalani baada ya chakula kuutafuta. Nimeshindwa kuutambua. Myeusi mingi mno.

Alhamisi, 24 Julai

Balaa. Mtoza ushuru mpya amekamata mwavuli wa mke wa Gavana, tena yeye mwenyewe akiwa chini yake. Bibi mkubwa alifika nyumbani ameloa kofia, manyoya yake yakimdondokea puani. Nimeitwa kueleza. Nilieleza kwamba sheria haina upendeleo. Gavana alisema jambo kuhusu sheria na kuhusu mimi ambalo siliandiki.

Jumatatu, 28 Julai

Hesabu imefungwa. Mapato ya ushuru: pauni tisa na shilingi tatu. Matumizi ya vibati, mishahara, miavuli ya watoza ushuru na kofia mpya ya mke wa Gavana: pauni mia na kumi na nne. Na makasha ya miavuli kutoka Liverpool yamelala ghalani, hakuna mfanyabiashara anayetaka kuyatoa wala kuyalipia forodha. Pratt alisoma hayo kwa sauti. Hakuongeza neno lolote, jambo ambalo ni ukatili.

Ushuru umefutwa. Sokoni wamepiga ngoma mpaka magharibi. Shangazi kaniwekea mchuzi, samaki wawili, na hakunisema hata kidogo. Nililia kidogo juu ya fufu. Pilipili, nilimwambia.

Jumatano, 30 Julai

Sikufukuzwa! Bwana Pargeter kasema kunifukuza sasa, baada ya Baraza kunipa cheo, kunahitaji barua kwenda London na majibu yake, na hana miezi hiyo ya kunivumilia. Napelekwa kwenye mnara wa taa, kule rasini. Kasema kule hakuna watu, kwa hiyo hakuna wa kutozwa. Pratt amepanda cheo. Amenipa mkono na kuniambia, "Nenda salama, ndugu yangu. Usiguse kitu." Kijicho tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mnarani. Pahali pazuri, pana upepo, na wana Hazina hawajawahi kupachunguza kwa jicho la kitaalamu. Mimi nimepachunguza kwa siku mbili. Ubadhirifu mtupu! Kila meli inayoingia bandarini inalipa ada ya taa. Vizuri. Lakini taa inakula mafuta usiku kucha, hata mwezi ukiwa mpevu! Mwenzangu wa zamu, mzee wa kazi hii, aliposikia hoja yangu alishika kichwa na kukimbilia mjini kuleta wakubwa. Bila shaka anataka kuwahi kujipatia sifa.

Jua limekuchwa, mwezi umetoka mzima kama sahani. Nimezima taa. Kimya cha ajabu. Nasikia kabisa fedha ikiokolewa, tone kwa tone. Nikizidisha kwa mwaka, kisha kwa minara yote ya Malkia duniani, natakiwa London.

Mwezi umeingia wingu kidogo. Kidogo tu.

Naiona meli ya barua ikija moja kwa moja huku kwangu, karibu kabisa na mawe, ikipiga kengele kwa nguvu. Nahodha mwenye adabu. Hajashuka, na tayari ananipongeza.