Mikono Miwili ya Kulia

Jumatatu, 4 Mei
Nimeitwa shuleni kwa ajili ya binti yangu wa miaka tisa. Nikafika nimenyooka, suruali imepigwa pasi. Mwalimu akaniambia kikao kilikuwa Ijumaa. Basi! Akanipokea hivyo hivyo. Anasema mtoto ana akili, ila anaanza mambo matatu hamalizi hata moja, anasahau madaftari, anajibu kabla swali halijaisha. Si uvivu, anasema. Kupanga, kukumbuka na kujizuia ni stadi, na mtu hufunzwa, hata mtu mzima. Aliposema mtu mzima alinitazama sana. Nadhani ni kola yangu. Mimi ni fundi cherehani.

Jumanne, 5 Mei
Mkakati! Nimemchorea binti ratiba ya asubuhi kwenye bango: kuamka, mswaki, viatu, madaftari. Rangi sita. Mistari tu imekula siku nzima. Mama wa bibi harusi kapita kuulizia gauni la Jumamosi. Nikamtoa wasiwasi, limebaki kidogo tu. Limebaki mikono, zipu na pindo. Mke wangu kauliza mbona kwenye ratiba mtoto hali wala haogi. Wivu.

Jumatano, 6 Mei
Mchezo wa kujizuia, alionipa mwalimu. Kitambaa chekundu, tembea. Cha kijani, simama. Kinyume cha mazoea, ili akili ijifunze kujikamata. Binti kashinda mara kumi na moja. Mimi bado. Kijani kinanivuta miguu! Nikadai marudiano. Katikati ya marudiano mke wangu akanusa kitu kinaungua. Pasi! Niliiacha juu ya mkono wa gauni. Alama imetokea safi kabisa, hata ncha inaonekana.

Alhamisi, 7 Mei
Nimekaa nikilitazama gauni. Nikatia cherehani mafuta. Nikapanga vifungo kwa ukubwa. Gauni halina vifungo. Binti aliporudi shule akauliza kazi ya kwanza ni ipi. Nikasema zote. Akachukua chaki yangu akaandika ukutani: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, zipu, pindo. Eti mwalimu wao anawafundisha kukata kazi kubwa vipande vipande, na kila kipande kikiisha, tiki. Akaninyang'anya simu, akampa mama yake. Nimemwachia, ni mazoezi mazuri kwake. Nikakata mkono mpya badala ya ule ulioungua. Mkono wa kulia umekwisha! Tiki! Tamu kweli. Nikaongeza "kunywa chai" nipate nyingine.

Ijumaa, 8 Mei
Tiki zimenipanda kichwani. Nimeshona mkono wa pili mbio mbio, bila kuangalia. Nao wa kulia! Nikataka kulitupa gauni na kuhama mtaa. Binti akanishika bega. "Baba, vuta pumzi. Tuhesabu mpaka kumi, halafu tufumue." Tukahesabu. Tukafumua. Kanishikia kitambaa saa nzima, yeye ambaye hajawahi kumaliza sahani ya chakula bila kuinuka mara nne. Saa kumi na moja jioni, tiki ya mwisho. Tumeruka ruka wote wawili kama wendawazimu.

Jumamosi, 9 Mei
Bibi harusi kalivaa, kazunguka mbele ya kioo, mama yake kalia. Kwenye begi la binti nimekuta barua ya mwalimu: wiki hii hakusahau daftari hata moja. Mbinu zangu! Nimewatangazia wazazi watatu wa mtaani: kesho saa tatu asubuhi, darasa la kujipanga, nyumbani kwangu. Mkufunzi ni mimi.

Jumapili, 10 Mei
Saa tatu nilikuwa kwa kinyozi. Nimerudi saa sita, nikawakuta wazazi wanaondoka wakicheka. Binti kawachezesha mchezo wa vitambaa, kawaonyesha kukata kazi vipande. Wakanishukuru kwa kumwandaa mwalimu mzuri namna ile. Nikapokea shukrani. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Nyumba yenye raha! Sasa ni wazi nina kipaji cha kuwapanga watu. Nimeanza leo leo kuandika kitabu cha kujipanga, kwa wakubwa na wadogo. Nimeanza na sura ya saba, ndiyo iliyonijia kwanza.