Fremu Iliyokataa Kuvuliwa

Leo nimeaibika, jamaa zangu. Nawaandikia mapema, kabla lori la Likoni halijawafikishia habari hii ikiwa imetiwa chumvi. Chumvi haihitaji.

Mnajua kwamba miezi mitatu sasa nahangaika na ile fremu ya baiskeli iliyotundikwa kibandani kwa Fundi Hamisi, hapa Msambweni. Ni fremu ya chuma, nyembamba, ya mashindano. Iliachwa na Mzungu mmoja mfupi aliyekuwa akipima barabara, akarudi kwao vita vilipokwisha. Haina gurudumu, haina kiti, haina usukani. Rangi yake ya kijani imebabuka. Lakini ukiigonga kwa kidole inalia mlio mmoja safi, na Hamisi huapa kwamba chuma kilichopasuka hakilii vile.

Mimi ni fundi cherehani, mwanijua. Wateja wangu wa Kikoneni wanataka kanzu zao za Idd, na kila nikienda kwa miguu namkuta fundi mwenzangu ameshafika na baiskeli yake, ameshapima watu wazima wote, mimi nimebakiziwa watoto. Nisipopata baiskeli mwaka huu, Kikoneni imekwenda. Ila je, ninunue fremu kuukuu niiunde kidogo kidogo, rimu leo, mnyororo mwezi ujao? Au nisubiri baiskeli nzima, ile nzito ya kubebea magunia? Mke wangu Mejumaa alinishauri ninunue kitu chenye magurudumu. (Mwanamke ana akili, lakini hajawahi kuisikia ile fremu ikilia.)

Asubuhi nikaenda nimeazimia kuimaliza habari hii, ama niichukue kwa bei yangu ama niiache. Mbinu yangu sokoni mwaijua. Naiponda bidhaa mpaka mwenyewe aione haya, kisha najiondokea. Sijawahi kufika hatua ya kumi bila kuitwa. Nikavaa kanzu na kizibao, nionekane mtu asiye na shida.

Hamisi akaitungua, akanipa nione uzito wake. Nikaishika mkononi. Nyepesi! Sasa badala ya kutosheka, nikakumbuka jinsi tarishi anavyobeba mkoba wake, mkanda begani, mkoba ubavuni. Nikataka kujua kama naweza kuibeba hivyo mpaka nyumbani. Nikaingiza kichwa katika ile pembetatu, nikafuatisha mkono wa kulia, nikavuta pumzi, nikaishusha. Ikaingia. Bomba moja likakaa bega la kushoto, jingine chini ya kwapa la kulia. (Mimi ninayeweza kutaja kifua cha mtu nikimwona ng'ambo ya barabara, changu sikukipima.)

Nikaanza kuponda. Nikasema kutu hii itaila fremu yote kabla ya masika. Nikasema rangi hii ni ya aibu. Nikasema huku nyuma kumepinda. (Hakukupinda.) Hamisi anafuta spana zake. Nikatamka neno langu la mwisho, nikageuka niondoke.

Hatua ya pili nikakumbuka kwamba bidhaa naondoka nayo.

Nikacheka kidogo, nikaiinua niivue. Haikupanda. Nikaivuta tena. Kizibao kikajikunja, kwapa likabana, nikahisi mbavu zinasalimiana. Hamisi akaniuliza kama nimeshaamua. Nikamwambia bado naipima.

Basi nikaipima. Nikatembea nayo mpaka kwenye mfereji na kurudi, kama mtu anayejua anachokifanya. Wanawake waliokuwa wakiteka maji wakaniamkia kwa adabu. Mmoja akaniuliza habari za nyumbani huku macho yake yako kifuani pangu. Nikamjibu nyumbani hawajambo. Nilipofika nyuma ya duka nikajikunja, nikajinyonga, nikapiga magoti. Ikabana zaidi.

Niliporudi nikamkuta Mzee Bakari ameketi kwenye benchi la Hamisi. Huyu ni mwenye duka kule Lunga Lunga, mtu mzima, mpole, tena mteja wangu. Nikainama kumpa mkono na kumwambia shikamoo. Nilipoinama, mkia wa fremu ukainuka mgongoni, ukapiga kopo la spoki, zikamwagika zote. Mzee akaitikia marahaba, akaziokota moja moja kana kwamba hakuona jambo.

Kumbe naye ameifuata fremu ileile, kwa ajili ya mwanawe. Hamisi akanionyesha kwa kidole: "Ndiyo ile aliyoivaa fundi."

Mzee Bakari akaja, akanizunguka polepole. Akaligonga bomba lililo begani pangu, akatega sikio. Mlio haukutoka vizuri, kwa sababu mimi nilikuwa ndani. Hata hivyo akaonekana kuridhika. Nikasema kimoyomoyo, sasa atataja bei, nami nitauzwa pamoja nayo, nipandishwe lori mpaka Lunga Lunga.

Lakini yule ni mtu wa dini. Akamwambia Hamisi, "Mali iko mkononi mwa mwenzangu, haifai kumwingilia biashara yake. Akiivua, nitainunua mimi, na bei yako sitaipunguza."

Akarudi kuketi, akatoa tasbihi yake. Wote wawili wakaningoja niivue.

Ndugu zangu, mngefanyaje? Nikisema siitaki, itabidi niivue. Nikisema nafikiri, watangoja mpaka adhuhuri. Na nitawaambia kweli: aliposema atainunua, moyo uliniuma. Nikamwona mtu mwingine juu ya fremu yangu, anateremka kilima cha Kikoneni bila kushika breki. Hapo nikajua kwamba miezi mitatu yote nilikuwa nimeshaamua, ila namwogopa Mejumaa.

"Nimeichukua," nikasema. "Kwa bei yako, Hamisi."

Hamisi akanitazama kana kwamba nina homa. Tangu anijue sijamlipa mtu bei aliyoitaja. Mzee Bakari akanipa mkono wa heri, akaomba Mungu aitie baraka. Hamisi akanyosha mikono. "Basi ivue, yakhe, niipanguse kabla hujaenda nayo."

Nikaivuta mara moja zaidi, mbele yao.

"Haivuliki," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijakwambia habari ya kutu."

Hamisi akaketi mchangani, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Mzee Bakari alijizuia, hilo namshukuru, lakini tasbihi ilikuwa inatetemeka.

Wakanivuta, mmoja fremu, mmoja mimi. Wapi! Mke wa Hamisi, Bi Mwanamisi, ambaye kazi yake ni kusinga maharusi kwa mafuta, akachungulia dirishani kuuliza ni mbuzi gani anachinjwa. Akaelezwa. Akatoa bakuli la mafuta ya nazi, akasema lakini kwanza nguo zipungue. Mkasi wangu huwa mfukoni siku zote. Nikampa Hamisi, nikamwelekeza akate kwenye mshono, kitambaa asikiguse. Kizibao kikatoka vipande vinne. Kanzu ikafumuliwa mabega, ikashuka chini. Nikabaki na kikoi na fulana.

Fulana yenyewe ina tundu tumboni la kupita ngumi. Fundi cherehani mzima! Mteja wangu akaliangalia lile tundu. Wanawake wa mfereji, ambao walikuwa wameshafika na madebe yao kichwani, wakaliangalia. Bi Mwanamisi akasema kwa upole, "Mganga hajigangi," akafunga nusu ya dirisha kwa heshima.

Kwa nusu iliyobaki akamfundisha mumewe kazi. "Usimpake kama mnyororo. Msinge. Anza begani, shuka ubavuni, taratibu." Basi Hamisi akanisinga, huku Mzee Bakari anavuta. Nikatoa pumzi yote niliyokuwa nayo, nikachomoka, nikaangukia benchi. Bi Mwanamisi akapiga vigelegele. Wanawake wakavipokea. Kutoka sokoni watu wakaja mbio kuuliza harusi ni ya nani, wakanikuta mimi, nang'aa, nanukia nazi, nimeikumbatia fremu.

Hata hivyo siku haikuharibika. Mzee Bakari ameagiza kanzu mbili za Idd, yake na ya mwanawe, ila ameniomba nimpime kwa futi, si kwa macho. Hamisi amenipa rimu mbili za zamani nikazinyoshe mwenyewe. Fremu nimeitundika chumbani, na tangu nifike nimeshaigonga mara sita. Inalia vizuri kuliko ilivyokuwa ikilia kibandani. Mejumaa ameitazama, akanitazama na mimi, akauliza magurudumu yako wapi. Nimemwambia yanakuja.

Nanyi huko mliko, kitu cha sokoni kipendeni kikiwa mkononi. Kikishafika kifuani, bei si yenu tena.